Umenunua TV ya 4K, sasa waya gani? Historia fupi kutoka telegrafu ya Zanzibar hadi HDMI

Siku unaponunua TV mpya ya 4K, hesabu haiishii kwenye TV. Muuzaji akishakuandikia risiti anakuuliza, "Na waya je?" Halafu anakuwekea mbili mezani. Mmoja mwembamba, mweusi, wa kawaida tu. Mwingine mnene, umevalishwa nyuzi za kusuka, vichwa vyake vinang'aa rangi ya dhahabu, na bei yake ni zaidi ya mara tatu ya ule wa kwanza. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Huu picha yake kali zaidi."

Je, ni kweli? Mimi niliwahi kulijibu swali hili kwa kujiamini sana, na nikaaibika mbele ya watu wasiopungua sitini.

Bamdogo wangu ana banda la kuonyesha mpira Kitangiri, hapa Ilemela. Yale mabanda tunayoyaita vibanda umiza. Aliponunua TV kubwa ya 4K aliniita nimsindikize kuchagua waya. Banda lake limepangwa hivi: king'amuzi kinakaa mlangoni, kwenye kabati lenye kufuli, pale anapokusanya viingilio. TV iko ukutani, mbele kabisa. Kutoka kabati hadi TV, ukiupitisha waya juu ya dari, ni mita 15. Muuzaji akatoa nyaya mbili za HDMI za mita 15. Mmoja shilingi 35,000. Mwingine, ule wa dhahabu, 120,000.

Bamdogo alikuwa fundi wa redio na TV pale Kirumba tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Aliushika ule mnene akaupima kwa vidole. "Waya mnene ndio waya," akasema. Nami, msomi wa ukoo, nikaingilia: "Bamdogo, hayo yalikuwa ya zamani, enzi za analojia. Siku hizi ni sifuri na moja tu. Zikifika zimefika. Usitupe hela." Akanitazama, akacheka. "Haya, msomi." Tukaondoka na ule wa 35,000.

Jumamosi ilikuwa Simba na Yanga. Mpira haujafika hata robo saa, picha ikaanza kutoa vinyota vyeupe, kama mtu amenyunyizia chumvi kwenye nyasi. Kisha giza, sekunde tatu. Ikarudi. Giza tena. Unajua mwenyewe watu waliolipa buku buku wanavyokuwa giza linapoingia wakati straika anakaribia goli. Bamdogo alirudisha viingilio vya watu wengi siku ile, na hakunisema hata neno moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilipokaa na kusoma upya, niligundua kwamba mimi nilikuwa sahihi nusu, na Bamdogo naye alikuwa sahihi nusu. Kuona kila mmoja alikosea wapi inabidi turudi nyuma, na si 1994 tu TV ilipoingia Tanzania Bara. Turudi hadi kwenye waya mmoja uliofika Zanzibar mwaka 1879.

Waya wa kwanza wa dijitali

Mwaka 1879, wakati wa Sultani Barghash, kampuni ya Kiingereza iitwayo Eastern and South African Telegraph Company ilitandaza waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha ukaendelea kusini kupitia Msumbiji mpaka Durban. Kabla ya hapo habari za kwenda London zilisafiri na meli kwa wiki kadhaa. Baada ya waya, zikawa zinafika ndani ya siku hiyo hiyo.

Sasa jiulize: ndani ya waya ule kulikuwa na nini kinapita? Si sauti, wala si picha. Ni mapigo ya umeme tu, yaliyopangwa kuwakilisha herufi. Pigo hivi ni herufi hii, pigo vile ni herufi ile. Mpokeaji hakuhitaji kujua pigo limefika likiwa na nguvu kiasi gani. Alihitaji tu kutambua ni pigo la aina gani. Kwa maana hiyo telegrafu ya enzi za Barghash ilikuwa dijitali kuliko TV ya sebuleni kwenu ya mwaka 1999.

Na telegrafu ilikuwa tayari imekutana na ugonjwa uleule ulioliua banda la Bamdogo Jumamosi ile. Mwaka 1858 Waingereza na Wamarekani waliunganisha nchi zao kwa waya chini ya Bahari ya Atlantiki. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani zilikuwa na maneno 98. Zilichukua takriban saa 16 kupita. Si kwamba umeme ulikuwa unatembea kwa miguu. Tatizo lilikuwa kwamba mapigo yalikuwa yanavimba njiani na kuingiliana.

Chukua bomba refu la mpira la kumwagilia bustani, laini, linalotanuka. Funga na fungua koki haraka haraka: fungua, funga, fungua, funga. Bomba likiwa fupi, upande wa pili utaona maji yakitoka kwa mikupuo. Likiwa refu sana, mikupuo inapotea. Maji yanachuruzika tu, na aliyeko kule hajui wewe huku umefungua koki mara ngapi. Waya mrefu nao uko hivyo. Unahifadhi chaji ya umeme kama bomba linavyotanuka, kwa hiyo pigo kali linaloingia huku linatoka kule likiwa kilima kipana, kimelalia pigo linalofuata.

Mtu aliyekuwa ameliona hili mapema, kwa hesabu, ni William Thomson. Huyu baadaye ndiye aliyeitwa Lord Kelvin, ambaye jina lake unalikuta kwenye kipimo cha joto cha fizikia. Mwaka 1854 alionyesha kwamba kwa waya wa aina ile ucheleweshaji unakua kwa kipeo cha pili cha urefu: ukizidisha urefu mara mbili, mapigo yanasambaa mara nne. Ushauri wake ulikuwa kutumia shaba nene na safi zaidi, kuweka kizio kinene, na kupokea kwa kifaa chepesi kinachohisi mapigo madogo.

Mtaalamu wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa upasuaji, hakukubaliana naye. Yeye aliona dawa ni kuongeza nguvu. Waya ulipoanza kusumbua, akausukumia umeme wa takriban volti 2,000. Waya ukafa ndani ya wiki chache tangu ufunguliwe. Walipotandaza mwingine mwaka 1866, walifuata hesabu za Thomson, na huo ukadumu.

Miaka michache baadaye Oliver Heaviside, Mwingereza aliyewahi kuwa karani wa telegrafu na aliyejifunza hesabu nyingi mwenyewe bila chuo kikuu, aliandika milinganyo inayoeleza jinsi ishara inavyosafiri, inavyopungua na inavyorudi nyuma ndani ya waya. Mwaka 1880 alipata hataza ya waya wa muundo mpya: uzi mmoja wa shaba katikati, kizio, halafu ganda la metali kuuzunguka. Kata kipande cha waya wa dishi lako uone. Ndio huohuo. Ganda la nje linazuia ishara isivuje, na kelele za nje zisiingie.

Enzi za chogo na chenga

Zanzibar iliwahi tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 visiwa vilianzisha televisheni ya rangi, ya kwanza ya aina hiyo Afrika kusini mwa Sahara. Bara tukasubiri. Serikali iliiona televisheni kama anasa ambayo nchi haiwezi kuimudu, na kwa miaka mingi mwenye TV alikuwa na deki na kaseti za VHS, basi. Mwaka 1994 ndipo vituo binafsi kama ITV na DTV vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tukawa na Star TV yenye makao yake Mwanza. Mafundi kama Bamdogo wakapata kazi.

TV ya chogo ilikuwa na matundu ya aina mbili nyuma. La kwanza la antena, lile la duara. Kichwa chake kilibuniwa Uingereza mwaka 1922 na kampuni ya Belling & Lee kwa ajili ya redio, na kipo mpaka leo. La pili ni yale matatu ya AV: njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti ya kushoto na kulia. Hayo yalitoka kwenye kampuni ya RCA ya Marekani, miaka ya 1930, kwa ajili ya kuunganisha gramafoni na redio. Kwa hiyo unapochomeka waya wa njano kwenye deki, unatumia kichwa kilichobuniwa kabla TV haijawa kitu cha kawaida nyumbani popote duniani.

Picha ya mfumo wa PAL, uliotumika kwetu, ilikuwa na mistari 625, ikichorwa mara 25 kwa sekunde. Ndani ya waya hakukuwa na sifuri wala moja. Volti yenyewe ndiyo ilikuwa picha. Ikipanda, doa linang'aa. Ikishuka, doa linakuwa jeusi. Sasa fikiria maana yake. Chochote kilichoigusa volti hiyo kiliigusa picha moja kwa moja. Waya ukipunguza masafa ya juu, na nyaya zote hufanya hivyo, vitu vidogo kwenye picha vinafifia: nywele, nyuzi za nyavu za goli, maandishi ya taarifa ya habari. Kelele ya nje ikiingia, unaona chenga. Kichwa kikilegea au waya ukiwa si wa ohmu 75 kama TV inavyotaka, sehemu ya ishara inagonga mwisho na kurudi, na inaweza kukuonyesha kivuli: mtangazaji wa pili, hafifu, pembeni ya mtangazaji wa kwanza.

Sisi wa Mwanza kivuli tunakijua vizuri. Mji wetu umejaa milima ya mawe. Mawimbi yaliyotoka kwenye mnara yalifika kwenye antena yako, halafu mengine yakagonga mwamba na kuja kwa kuchelewa kidogo. Baba anapanda juu ya bati kuzungusha antena, watoto wako dirishani wanapiga kelele: "Hapo hapo! Ah, imeondoka!"

Kwa hiyo katika enzi zile, Bamdogo aliposema waya mnene ndio waya, hakuwa anakisia. Waya bora ulitoa picha bora, na waya bora zaidi ulitoa picha bora zaidi, hatua kwa hatua. Aliliona kwa macho yake kila siku mezani kwake. Muuzaji wa leo anayekwambia "huu picha yake kali zaidi" anarudia ukweli wa mwaka 1999. Ukweli ule umeisha muda wake, lakini bado unauzwa.

Februari 2013

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Mwanza zamu yetu ilikuwa mwishoni mwa Februari 2013. Asubuhi yake TV isiyo na king'amuzi ilikuwa inaonyesha chenga tupu. Neno "king'amuzi" likawa la kila siku, na foleni madukani pia.

Wengi wetu tulifunga king'amuzi kwenye TV ileile ya chogo kwa nyaya zilezile za njano, nyeupe na nyekundu. Ukiangalia vizuri inachekesha kidogo. Picha ilisafiri ikiwa dijitali kutoka studio, ikapita angani ikiwa dijitali, ikafika kwenye king'amuzi, halafu mita moja ya mwisho ikageuzwa kuwa analojia.

Lakini kuna kitu kilibadilika ambacho kila mtu alikiona. Zamani mvua ikinyesha, picha ilikuwa inachakaa taratibu. Chenga zinaongezeka, lakini bado unamwona mchezaji. Sasa mvua ikinyesha picha iko safi kabisa, halafu ghafla inaganda, vipande vipande, halafu hakuna kitu. Dijitali ni kama kutembea juu ya mwamba wa Mwanza. Juu ni tambarare, unatembea bila wasiwasi. Ukifika ukingoni, hatua moja zaidi, uko chini.

Hii ndiyo nusu niliyokuwa sahihi. Kama waya wako wa HDMI uko "juu ya mwamba", yaani kila biti inafika na kutambulika, basi hakuna waya wa bei yoyote utakaokupa picha kali zaidi. Rangi hazitaongezeka. Weusi hautakuwa mweusi zaidi. Sifuri iliyofika ni sifuri, hata ikipita kwenye dhahabu. Na nilichosahau ni ukingo.

Biti ya sentimita tatu

Mwaka 2002 kampuni saba (Hitachi, Matsushita ambayo ni Panasonic, Philips, Silicon Image, Sony, Thomson na Toshiba) zilitoa toleo la kwanza la HDMI: waya mmoja, pini 19, picha na sauti pamoja, yote dijitali. Mwaka 2009 toleo la 1.4 likaruhusu picha ya 4K, kwa kasi ndogo. Mwaka 2013 toleo la 2.0 likaifikisha 4K kwenye picha 60 kwa sekunde. Mwaka 2017 likaja 2.1.

Kwa nini matoleo yote hayo? Chukua kalamu.

Picha ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu. Zidisha: 8,294,400. Kila pikseli ina rangi tatu, kila rangi biti 8, jumla biti 24. Zidisha kwa picha 60 kila sekunde. Unapata karibu biti bilioni 12 kwa sekunde. Ongeza nafasi tupu zinazoachwa kati ya mistari na kati ya picha, urithi wa TV ya chogo iliyohitaji muda wa kurudisha mwale wake, na ongeza biti za ziada zinazosaidia upokeaji, unafika gigabiti 17.8. Ndiyo maana HDMI 2.0 ilitengenezwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde. TV ya 1080 kwa hesabu hiyohiyo inahitaji gigabiti 4.5 tu.

Gigabiti hizo 18 zinagawanywa kwenye jozi tatu za nyuzi, karibu 6 kila jozi. Yaani kila biti ina takriban sehemu 17 kwa mia za bilioni moja ya sekunde. Ishara kwenye waya husafiri karibu theluthi mbili ya mwendo wa mwanga. Kwa hiyo biti moja, ikiwa safarini, ina urefu wa sentimita 3 na kidogo hivi. Kama ungeweza kusimamisha muda na kuchungulia ndani ya waya wa mita 10, ungekuta biti 300 zimepanga foleni kwenye kila jozi.

Sasa unakumbuka bomba la maji? Biti hizi fupi ndizo zile koki za haraka haraka. Ukizisukuma mita 2, zinafika zikiwa na umbo lake. Ukizisukuma mita 15 kwenye nyuzi nyembamba kama unywele, zinavimba, zinalaliana, na TV inaanza kukosea: hapa sifuri kaisoma moja, pale moja kaisoma sifuri. Makosa machache ni vinyota vyeupe. Yakizidi, TV inapoteza mpangilio na skrini inakuwa nyeusi mpaka vifaa vielewane upya. Ni yaleyale ya waya wa Atlantiki, isipokuwa kilomita elfu kadhaa zimekuwa mita 15 kwa sababu mapigo ni ya haraka mara mabilioni.

Na unene? Hapa ndipo Bamdogo alikuwa sahihi. Umeme wa masafa haya haupiti katikati ya uzi wa shaba. Unabanana kwenye ngozi yake ya nje, yenye kina cha takriban elfu moja ya milimita. Uzi mnene una ngozi pana zaidi, kwa hiyo hupoteza kidogo. Kwa waya mrefu wa HDMI unene wa shaba ndani ni jambo la maana, kama Thomson alivyosema. Shida ni kwamba unene unaoushika dukani unaweza kuwa mpira na mapambo tu.

Vipi dhahabu? Sisi tuna Geita hapo ng'ambo ya ghuba, lakini hapa haitusaidii sana. Dhahabu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Faida yake ni kwamba haishiki kutu, kwa hiyo kichwa kilichopakwa dhahabu hudumu, hasa kwa sisi tunaoishi na unyevu wa ziwa. Ni ulinzi wa kichwa. Haigusi ukali wa picha.

Kwa hiyo ununue upi?

Ukiwa dukani usiulize "upi una picha nzuri?" Jiulize maswali mawili, yaleyale ya Thomson: biti ngapi kwa sekunde, na mita ngapi?

Kwa king'amuzi cha kawaida, ambacho hutoa picha ya HD na si 4K, na umbali wa mita moja au mbili, waya wowote mzima unatosha. Mara nyingi umo ndani ya boksi la king'amuzi. Hata TV iwe ya 4K, biti zinazopita ni za king'amuzi.

Kama una kifaa kinachotoa 4K kwa picha 60, tafuta ulioandikwa "Premium High Speed", uliopimwa kwa gigabiti 18. Kama ni mashine mpya ya gemu kama PlayStation 5, inayofika picha 120 kwa sekunde, unahitaji "Ultra High Speed", wa gigabiti 48. Ila huo unakuja na mashine yenyewe. Aina hizi mbili zilizothibitishwa zina lebo ya kuskani kwa simu. Usivutwe na "HDMI 2.1" iliyochapishwa kwenye waya wenyewe: wamiliki wa HDMI hawaruhusu waya kuuzwa kwa namba ya toleo. Namba ni ya vifaa.

Ukivuka mita 5 na 4K, au mita 10 na 1080, umeanza kukaribia ukingo wa mwamba. Hapo kuna nyaya za HDMI zenye nyuzi za faiba ndani. Zinageuza umeme kuwa mwanga upande mmoja na kuurudisha upande wa pili. Zina mshale, ukichomeka kinyume hazifanyi kazi. Ni njia ileile tuliyoichukua kama nchi: mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, ulikuja na mwanga ndani ya kioo, si mapigo ya umeme ndani ya shaba kama ule wa 1879. Na kama uko katikati ya mechi na picha inakatika, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uishushe kutoka 1080p hadi 720p. Biti zinapungua nusu, na huenda ukarudi juu ya mwamba.

Kabati limehama

Baada ya Jumamosi ile nilimpelekea Bamdogo mahesabu yangu yote, na pendekezo: tununue waya wa faiba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: "Waya wa dishi nao una biti ngapi?"

Nikapiga hesabu. Chaneli ya HD ikitoka kwenye dishi imebanwa. Ni megabiti chache tu kwa sekunde. King'amuzi ndicho kinachoifungua, na ikishafunguliwa inakuwa kubwa mamia ya mara. Tena matangazo ya setilaiti yamewekewa kinga ya kusahihisha makosa, kwa kuwa yamesafiri kilomita elfu 36 kabla ya kufika kwenye bati lako. Waya wa dishi, ule wa Heaviside, unayabeba mita 20 au 30 bila taabu.

"Sasa kwa nini tunafungua mzigo mlangoni halafu tunaubeba ukiwa umefunguliwa mpaka mbele?" akasema. "Si tuupeleke ukiwa umefungwa, tuufungulie palepale."

Alirefusha waya wa dishi kwa mita 15, wa bei ya chini kuliko nilioununua mimi, akahamisha kabati na kufuli lake chini ya TV, akachomeka ule waya mfupi wa HDMI uliokuja bure na king'amuzi. Sasa akitaka kubadilisha chaneli inabidi apite katikati ya watu mpaka mbele. Ila mechi haijakatika tena.

Kabla hujatoa hela ya waya mpya, nenda kaangalie nyuma ya TV yako mzigo unafunguliwa wapi.